Bunduki ya Upepo ya Mzee Jirani: Ni ya Mwaka Gani, na Dira Imekwenda Wapi?

SWALI: Fundi, shikamoo. Ninaishi Columbus, Ohio, na kwetu ni Morogoro. Jirani yetu, mzee wa Kimarekani wa miaka 87, amehamia kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kabla ya kuondoka ameniachia bunduki yake ya utotoni, ile ya upepo inayopiga goroli ndogo za BB. (Nilipomwambia mama kwa simu kwamba nimeachiwa “BB gun”, aliniuliza kwa ukali, “Bibi gani?”, na ilinichukua muda kumtuliza.) Bunduki imeandikwa Daisy, Red Ryder Carbine, No. 111 Model 40, Plymouth, Mich. Mzee anasema alipewa na baba yake Krismasi ya mwaka 1948, alipokuwa na miaka kumi, lakini mimi nikiona “Model 40” nafikiri ni ya mwaka 1940. Anasema pia kwamba kitako chake kilikuwa na dira na saa ya jua, nami sioni hata tundu la kuwekea dira. Je, mzee amechanganya mambo? Je, bunduki hii ina thamani, inaweza kupiga tena, niipake rangi upya, na ninaweza kumpa mwanangu wa miaka tisa? Nimeambatisha picha.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mzee wako amepatia mwaka na amekosea dira, au tuseme amekosea dira ya bunduki hii, na hapo mbele nitaeleza kwa nini ninaongeza maneno hayo mawili ya mwisho. Nianze na mwaka, kwa sababu wewe mwenyewe umeingia katika mtego ambao huwanasa karibu wote wanaoshika bunduki hizi kwa mara ya kwanza.

“Model 40” ni jina la toleo, halisemi mwaka ambao bunduki hiyo moja ilitoka kiwandani. Kampuni ya Daisy ilianza kuuza Red Ryder mwaka 1940, kwa bei ya dola 2.95, na ikaendelea kugonga chapa ya No. 111 Model 40 juu ya bunduki zilizofuata hadi miaka ya 1950, kwa hiyo bunduki ya mwaka 1940 na ya mwaka 1950 zote zinajitambulisha kwa jina lilelile. Mtego wa pili ni mbaya kuliko huo. Toleo lililorudishwa sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1970 liliitwa Model 1938, kwa kukumbuka mwaka ambao hadithi ya katuni ya Red Ryder, mchunga ng’ombe mwenye nywele nyekundu aliyechorwa na Fred Harman, ilianza kuchapishwa magazetini. Nimepokea barua nyingi za watu wenye furaha tele wanaoamini kwamba wameokota bunduki ya mwaka 1938, ilhali wanachoshikilia ni kitu kilichotengenezwa wakati wazazi wao wakiwa tayari wameoana.

Ili kuujua mwaka, acha maandishi na utazame chuma na mti. Umesema imegongwa Plymouth, Mich., na hilo peke yake linatuambia kwamba ni ya kabla ya mwaka 1958, kwa sababu mwaka huo kampuni iliuhama mji wa Plymouth, Michigan, ikahamia Rogers, Arkansas, na tangu hapo chapa ikabadilika. Kitako na kishikio cha mbele katika picha zako ni vya mti, na mistari ya mti inaonekana vizuri pale varnishi ilipolika. Bunduki za mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuendelea zilianza kuwekwa plastiki mahali pa mti. Kwa hiyo upande wa juu wa miaka tumekwisha kuufunga. Upande wa chini unafungwa na ule mkono wa kukokia ulio chini ya bunduki, unaozunguka vidole vya mshikaji. Kabla ya vita vikuu vya pili mkono huo ulikuwa wa chuma cha kusubu, na ile mikanda miwili inayofunga kasiba na kishikio cha mbele ilipakwa shaba, iking’aa kama pete mpya. Kuanzia mwaka 1942 hadi vita vilipokwisha, Daisy haikutengeneza bunduki za watoto, kwa sababu chuma chote kilihitajika jeshini. Baada ya vita uzalishaji uliporudi, mikanda haikuwa na shaba tena, na muda si mrefu mkono wa kukokia ukaanza kusubiwa kwa alumini. Katika picha yako ya tatu rangi nyeusi ya mkono imebanduka, na chini yake panaonekana weupe wa kijivu usio na kutu hata chembe, wakati kasiba ya jirani yake ina kutu ya kutosha. Chukua sumaku yoyote, hata ile ya kwenye mlango wa friji, uiguse. Ikikataa kushika mkono na ikashika kasiba, basi bunduki yako ni ya baada ya vita na ya kabla ya plastiki, na Krismasi ya mwaka 1948 inaingia katikati ya kipindi hicho bila kusukumwa. Mzee hakukosea.

Kabla sijafika kwenye dira, niruhusu nieleze kidogo kitu hiki kilitoka wapi, kwa kuwa wewe na mimi hatukukua nacho, na bila hadithi hiyo ni vigumu kuelewa kwa nini mzee wa miaka 87 anashika kipande cha bati na machozi yanamlengalenga.

Kampuni iliyotengeneza bunduki hii haikuanzishwa kwa ajili ya bunduki. Ilianzishwa mwaka 1882 hapo Plymouth kwa jina la Plymouth Iron Windmill Company, na kazi yake ilikuwa kuunda mitambo ya chuma inayoendeshwa na upepo ili kuvuta maji katika mashamba. Biashara haikwenda vizuri. Clarence Hamilton, fundi wa saa na mbunifu aliyehusika na mitambo hiyo, aliwaletea wakubwa wa kampuni bunduki ya upepo iliyoundwa kwa chuma kitupu, wakati ambapo mshindani wao wa mji huohuo, William Markham, alikuwa akiuza za mti. Meneja Lewis Cass Hough aliijaribu, akasema kwamba ni “daisy”, neno ambalo ni jina la ua lakini kwa lugha ya vijana wa enzi hizo lilimaanisha kitu kizuri mno, kama sisi tunavyosema “hii ni moto”. Mwaka 1888 wakaanza kuitengeneza, na mwanzoni ilitolewa kama zawadi kwa mkulima aliyenunua mtambo wa maji. Kilichofuata ni kile kinachompata mfanyabiashara anayetoa nyongeza tamu kuliko bidhaa yenyewe: watu walitaka nyongeza. Kufikia mwaka 1895 mitambo ya upepo ilikuwa imeachwa na kampuni ikabadili jina ikawa Daisy Manufacturing Company. Kwa Kiswahili mambo haya yanapendeza zaidi kuliko kwa lugha yao, kwani waliacha kuuza upepo wa shambani wakaanza kuuza bunduki za upepo.

Sasa herufi hizo mbili zilizomshtua mama yako. Wengi hapa Marekani, na hata baadhi ya wauzaji, hudhani kwamba BB ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha goroli ya beringi. Sivyo. BB ni jina la kipimo cha marisau, ile risasi ya vidonge vidogo vya kuwindia ndege, na kipimo hicho kimo katikati ya B na BBB katika orodha ya watengeneza marisau. Bunduki za kwanza zilipiga marisau hayo ya madini laini ya risasi yenye kipenyo cha milimita 4.57, na baadaye Daisy ikakipunguza kipenyo hadi milimita 4.45 ili kidonge kiwe chepesi na kiende kwa kasi zaidi kwa springi ileile.

Hata hivyo, wale wanaodhani habari za beringi hawako mbali sana na ukweli, na hapa ndipo hadithi inaponifurahisha mimi mtoto wa Tanga. Katika miaka ya 1920 kampuni ilianza kupokea bunduki zilizoharibika ndani kwa namna isiyoeleweka, nyingi zikitoka eneo la Minneapolis, Minnesota. Huko kulikuwa na kiwanda cha goroli za beringi kilichoitwa American Ball Company, na watoto walikuwa wakiokota goroli za chuma zilizotupwa kwa kukosa ubora, wakazitia katika bunduki zao. Goroli hizo zilikuwa za bure, lakini hazikulingana ukubwa, na chuma kigumu kilikwangua kasiba iliyoundwa kwa ajili ya risasi laini. Wewe wa Morogoro hutashindwa kuiona picha hiyo, kwa kuwa sote tumewahi kusimama nje ya gereji tukimbembeleza fundi avunje beringi mbovu ili tupate goroli za kuchezea, na aliyekuwa na goroli ya chuma alikuwa tajiri mbele ya wenye goroli za kioo. Badala ya kuwagombeza watoto, Daisy iliona kwamba wamegundua jambo, ikakiendea kiwanda hicho na kuagiza goroli za chuma zenye kipimo kimoja. Hizo ndizo BB za leo, zenye kipenyo cha karibu milimita 4.4 na uzito wa karibu theluthi moja ya gramu, zilizopakwa shaba au zinki ili zisishike kutu. Ninakueleza haya pia kwa sababu ya matumizi: bunduki yako ya baada ya vita iliundwa kwa goroli za chuma, lakini ukija kukutana na Daisy ya kabla ya miaka ya 1920, usiitie chuma hata kidogo.

Turudi kwenye dira. Red Ryder ya mwaka 1948 haikuwa na dira wala saa ya jua, na hakuna Red Ryder yoyote ya zama hizo iliyotoka kiwandani na vitu hivyo. Lakini wazee wengi wa Kimarekani watakuapia kwamba yao ilikuwa navyo, na asili ya kumbukumbu hiyo inajulikana. Mwaka 1983 ilitoka filamu ya Krismasi kuhusu mtoto anayeililia Red Ryder yenye dira na saa ya jua kitakoni, na tangu hapo filamu hiyo huonyeshwa katika televisheni kila mwisho wa mwaka bila kuchoka. Bunduki iliyoonekana humo iliundwa maalumu kwa ajili ya filamu. Mtu akiitazama miaka arobaini mfululizo, huku yeye mwenyewe akiwa na Red Ryder yake ya kweli ghalani, kitako cha kwenye televisheni kinahamia polepole juu ya kitako chake. Nimewaona wakiigeuza bunduki mezani kwangu, wakikipapasa kitako kwa dole gumba wakitafuta tundu ambalo halijawahi kuwapo, na baadhi yao huniangalia kana kwamba nimewaibia.

Mwandishi wa filamu hakuitoa dira hiyo hewani, hata hivyo. Mwaka 1934 Daisy ilitoa bunduki nyingine, No. 107, iliyopewa jina la Buck Jones, mwigizaji wa filamu za wachunga ng’ombe, na hiyo ndiyo iliyokuwa na dira iliyozamishwa katika mti wa kitako pamoja na saa ya jua. Haikokiwi kwa mkono wa chini kama yako, bali kwa kuvuta kishikio cha mbele kuja nyuma, kwa mtindo wa No. 25, bunduki iliyobuniwa na Charles Lefever na kuanza kuuzwa mwaka 1914, na ambayo kwa maoni yangu ni kazi bora kuliko Red Ryder kwa kila kipimo isipokuwa umaarufu. Kwa hiyo dira ilikuwapo, na watoto wa Kimarekani waliishika kweli, ila katika bunduki nyingine. Nitairudia hoja hii mwishoni.

Kuhusu kupiga tena, jibu ni kwamba inawezekana sana, kwa sababu ndani hamna mengi ya kufa. Ukivuta mkono wa kukokia, unabana springi nene iliyo nyuma ya pistoni. Ukifyatua, springi inaisukuma pistoni mbele kwa kasi, hewa iliyo mbele yake inabanwa, na mrija mwembamba ulio kwenye kichwa cha pistoni unaigusa goroli na kuianzisha safari kabla hewa haijafika kuimalizia. Kinachochoka ni ile washa ya ngozi iliyo kwenye pistoni, ambayo ikikaa miaka mingi bila mafuta hukauka, hunywea, na kuiachia hewa ipite pembeni. Dalili yake ni bunduki inayotoa mlio wa kawaida lakini goroli inaanguka hatua chache mbele ya mtutu. Tazama juu ya kasiba, kuna tundu dogo lenye neno OIL. Dondosha humo matone manne au matano ya mafuta mepesi ya mashine, usimamishe bunduki wima usiku kucha ili ngozi inywe, kisha urudie siku ya pili. Usitumie yale mafuta ya kupuliza ya kulegezea nati zenye kutu, kwa sababu hukauka upesi na kuiacha ngozi ikiwa na hali mbaya kuliko mwanzo. Bunduki nyingi nilizoletewa kama maiti zimefufuka kwa matone hayo tu. Ikiwa washa imeoza kabisa, mafundi wa bunduki hizi wanazo mpya, lakini kuitoa springi kunahitaji kifaa cha kuibana, na springi hiyo ikikuponyoka itakuvunja kidole au itapasua dari, kwa hiyo usijaribu jikoni kwako kwa bisibisi.

Kabla ya hayo yote, chukulia kwamba ina goroli ndani. Bunduki hizi hubeba goroli nyingi katika ghala linaloizunguka kasiba, nazo hushuka kwa uzito wake zenyewe mtutu unapoelekezwa juu. Goroli moja inaweza kukwama humo kwa miaka sabini bila kutoa sauti, hivyo kuitikisa na kusikiliza hakuthibitishi chochote. Jaza mablanketi na magazeti makuukuu katika boksi kubwa la karatasi, uvae miwani ya usalama, uelekeze mtutu ndani ya boksi, ukoki na kufyatua mara nyingi, ukiinua mtutu kila unapokoki. Usipige ubao, ukuta wala jiwe, kwa maana goroli ya chuma haibonyei kama risasi laini, bali hurudi ilikotoka. Na wakati wa kukoki, usiguse kifyatulio hadi mkono uwe umerudi mahali pake na kufungika, kwa kuwa bunduki za zama hizo hazikuwa na kizuizi, na ukifyatua mkono ukiwa wazi utarudi kwa nguvu yote ya springi. Muulize mzee wako akuonyeshe vidole vyake. Huenda kimoja kina hadithi hiyo.

Usiipake rangi. Ninajua mkono unawasha ukiiona kutu, na ninajua kwamba kwetu kitu cha zamani huheshimiwa kwa kukarabatiwa, lakini katika bunduki hizi rangi mpya huondoa thamani yote na kumbukumbu yote kwa mpigo mmoja wa brashi. Pangusa kutu kwa kitambaa laini chenye mafuta, basi. Picha ya Red Ryder akiwa juu ya farasi, iliyochomwa upande wa kushoto wa kitako, katika yako imefutika nusu, na imefutika mahali ambapo shavu la mtoto aliyekuwa akilenga lililala. Pete ya chuma ya ubavuni bado ipo ingawa ukanda wake wa ngozi umekwisha kupotea, na kuna alama tatu za kisu chini ya kitako ambazo bila shaka zina maana aijuaye mzee peke yake. Ukivipiga msasa vitu hivyo, utabaki na bunduki ya kawaida iliyopakwa rangi.

Thamani ya fedha haitakununulia gari. Red Ryder zilitengenezwa kwa wingi mno, na wanunuzi huwania zile za kabla ya vita zenye mikanda ya shaba, zenye ukanda wa ngozi, zenye rangi ya asili, na zaidi ya yote zenye boksi lake la karatasi, ambalo watoto wa mwaka 1948 walilichana asubuhi ileile ya Krismasi. Yako haina boksi na imetumika sana. Ukitaka kujua bei, tazama zile zilizokwisha kuuzwa zenye hali kama yako, na uyapuuze matangazo ya wanaotaka kuuza, kwa sababu kila mwenye bunduki ya babu anadhani ana dhahabu. Ushauri wangu, ingawa hukuuomba, ni kwamba usiiuze wakati mzee yungali hai.

Nafika kwenye swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo la kwanza kwa uzito. Usimpe mwanao bunduki hii. Sababu za kifundi nimekwisha kuzigusa: haina kizuizi cha mkono, haina kizuizi cha kifyatulio kama zile mpya, na hata bunduki dhaifu ya aina hii huirusha goroli kwa kasi inayotosha kulitoa jicho. Red Ryder ya leo huirusha kwa takriban mita 107 kwa sekunde, na yako, hata ikiwa chini ya hapo kwa sababu springi ni ya kale, bado si kitu cha kuelekezewa uso. Wazee wa hapa husimulia utoto wao kwa kicheko, lakini ukikaa nao muda mrefu, kicheko kikiisha, hutokea mmoja akakuambia habari za ndugu yake mwenye jicho moja, na wengi hukuambia habari za ndege wa kwanza. Mtoto alilenga shomoro bila kutarajia kumpata, akampata, akaenda kumwokota akiwa bado na joto, na akaizika siri hiyo nyuma ya nyumba. Sisi tuliokua na manati tunaijua hali hiyo kwa upande wa chiriku na shorewanda, ila manati ilihitaji ustadi wa miezi mingi kabla ya kuua chochote, wakati bunduki humpa mtoto uwezo huo siku ya kwanza.

Sababu nyingine haitokani na springi. Mzee wako alipokuwa na miaka kumi aliibeba bunduki hii begani akapita nayo katikati ya mji, akawapungia watu mkono, na hakuna aliyeshtuka. Kumbukumbu hiyo ni ya kweli na ni yake, lakini mwanao hawezi kuirithi. Katika jimbo lako hilohilo la Ohio, Agosti mwaka 2014, mtu mmoja mweusi aliuawa na polisi ndani ya duka huko Beavercreek akiwa ameshika bunduki ya upepo aliyoichukua rafuni humohumo dukani, na Novemba ya mwaka huo, mtoto mweusi wa miaka 12 aliuawa na polisi katika bustani ya watu wote huko Cleveland akiwa na bunduki bandia ya kurusha vidonge vya plastiki. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na silaha ya baruti. Kisheria serikali kuu ya Marekani haihesabu bunduki ya upepo kuwa silaha ya moto, kwa vile haitumii baruti, ingawa majimbo yana sheria zake na New Jersey, kwa mfano, huihesabu. Lakini mtu anayepiga simu polisi akiwa ng’ambo ya barabara hatazami kitabu cha sheria, anatazama umbo, na umbo la Red Ryder lilibuniwa makusudi lifanane na bunduki halisi ya wachunga ng’ombe. Kwa hiyo isitoke uani, isibebwe wazi kwenye gari, na ukiipeleka kwa mzee au kwa fundi, iwe ndani ya mfuko uliofungwa. Na kama una mawazo ya kuipeleka Morogoro kama zawadi, usiitie katika sanduku kabla hujapata jibu la maandishi kutoka polisi wa huko na kutoka shirika la ndege.

Ukitaka mwanao aijue, kaa naye mezani, mwekee goroli kiganjani mwake, mweleze watoto wa Minneapolis, mwache aiguse sumaku kwenye kasiba na kwenye mkono wa kukokia aone tofauti. Atakapokuwa na umri wa kutosha na mkiwa na hamu ya kulenga shabaha, yapo mafunzo yenye wasimamizi, viwanja vilivyozungushiwa uzio, na bunduki mpya zenye vizuizi, na mzazi hukaa hapohapo tangu goroli ya kwanza hadi ya mwisho.

Limebaki moja. Umeniuliza kama mzee amechanganya, na nadhani unataka kumrekebisha. Subiri kwanza. Nenda kwake na picha zilizochapishwa kwa ukubwa, usiende na bunduki yenyewe, maana nyumba za kutunzia wazee haziwezi kuipokea mlangoni. Mwambie kwamba mwaka 1948 umethibitika, na kwamba ni mkono wa alumini uliomshuhudia. Muulize kuhusu zile alama tatu za kisu. Kisha kuhusu dira, usimwambie kwamba haikuwapo, bali muulize ni nani mwingine nyumbani kwao au mtaani kwao aliyekuwa na bunduki kabla yake. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1938 angeweza kuwa na kaka mkubwa, au binamu, aliyenunuliwa Buck Jones ya mwaka 1934, na mdogo akaruhusiwa kuishika kwa dakika tano tu, aitazame sindano ya dira ikicheza, kisha airudishe. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa, filamu haikumdanganya. Andika atakachokujibu kwenye karatasi, kwa tarehe na kwa mwandiko wako, uikunje na kuihifadhi pamoja na bunduki, kisha uniletee nakala, kwa sababu ninataka kujua.